Utupa wa maua ya zambarau pembeni ya shamba: tuchague mti kwa chupa, si kwa macho



Tangu sezoni iliyopita swali moja linatufuata kila tunapokwenda, iwe huku Kasuku na Mikelenge, iwe ng'ambo ya mto kule Alunguli. Mama mmoja aliliuliza waziwazi mbele ya kikundi chake: "Agronomu, ule muti wenu wa maua ya violeti, tulipanda, ukaota muzuri kabisa. Tukatwanga majani, tukamwanga ku kunde. Wadudu wanacheka tu. Sasa mulitudanganya ama namna gani?"

Hatukumdanganya kwa kusudi. Lakini kosa lilikuwa letu, na ni heri tuliandike hapa kuliko liendelee kuzunguka sokoni kwa minong'ono. Tulipoanzisha pepinyeri tulikwenda kuchuma mbegu kwenye miti iliyotupendeza: mirefu, yenye majani mengi, yenye maua ya zambarau iliyokolea. Tukasema, mti mzuri hivi hauwezi kukosa dawa nzuri. Mbegu za miti ile michache ndizo tulizowagawia. Leo kuna mashamba ambayo mpaka wake unapendeza kama bustani ya misioni, lakini majani yake hayaui hata fukusi mmoja.

Tunaeleza hapa kwa nini ilikuwa hivyo, na namna kila mwanakoperative anavyoweza kujichagulia mti wa kuzalisha mbegu, bila laboratwari, kwa chupa chache tupu za maji na kunde zilizotobolewa na wadudu.

Tunazungumza juu ya mti gani

Ni ule mti mdogo ambao vitabu vya Kiswahili vinauita utupa, na wataalamu wa mimea wanauita Tephrosia vogelii. Kila lugha ya Maniema ina jina lake, na wazee wa mtoni hawahitaji maelezo marefu: ni ule ambao majani yake yalipondwa na kutiwa majini ili samaki waelee juu. Unafika mita mbili hadi tatu, mara nyingine nne. Vijani vyake vimepangwa viwiliviwili kwenye ujiti mmoja, kama manyoya ya ndege, na ukivigusa unasikia vinyweleo laini. Maua yake yanafanana na ya kunde, ila ni makubwa zaidi na yanasimama kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Kuna miti ya maua meupe na kuna miti ya maua ya zambarau. Maganda ya mbegu yamevaa manyoya ya kahawia.

Kwa mpaka wa shamba mti huu una sifa ambazo hata ule usio na dawa unazo. Ni wa jamii moja na kunde na karanga, kwa hiyo mizizi yake inakaa na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa. Majani yakikatwa na kulazwa chini yanaoza upesi na kulisha muhogo au mahindi ya pembeni. Mbuzi hawaupendi, na hilo si jambo dogo Kindu, ambako mbuzi wanatembea kama wenye mji. Unavumilia mvua zetu nyingi, lakini hautaki maji yaliyotuama. Ukiupanda chini bondeni kwenye mpunga mizizi itaoza. Mahali pake ni kwenye mwinuko au juu ya tuta.

Nguvu ya kuua wadudu ni jambo jingine. Inatoka kwa kundi la sumu zinazoitwa rotenoidi. Iliyo nyingi zaidi ni deguelini, ikifuatwa na tefrosini, na rotenoni kidogo. Sumu hizi zinafunga kazi ya kupumua ndani ya chembe za mwili, hata kama hewa ipo. Ndiyo maana samaki aliyepata utupa anakuja juu kama anayekosa pumzi wakati maji ni yaleyale ya jana.

Sura moja, miti miwili

Mwaka 2012 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza, pamoja na wenzao wa Malawi, walitangaza walichokikuta baada ya kuchunguza utupa wa mashamba ya wakulima. Ndani ya mti huu mmoja kuna makundi mawili. La kwanza lina rotenoidi. La pili halina. Lina vitu vingine, vya jamii ya flavanoni, ambavyo havimsumbui mdudu. Mwaka huohuo yalitoka pia matokeo ya majaribio ya kuua fukusi wa kunde, na yalisema vilevile: majani ya kundi la kwanza yaliua, ya kundi la pili hayakufaa. Miti ya makundi yote mawili ilikuwa mikononi mwa wakulima, na kila mmoja aliamini kwamba anayo dawa.

Mwaka 2019 ukaja utafiti mwingine, wa utupa wa Tanzania, Kenya na Malawi. Huo ulikuta hata kundi la tatu, ambalo lina vitu vya kundi la kwanza na vya kundi la pili pamoja, kama mtoto wa baba huyu na mama yule. Watafiti waliandika kwamba mkulima hana njia ya kujua kilichomo ndani ya majani aliyonayo, na kwamba asiyekuwa na laboratwari anaweza kufanya jaribio rahisi la kuona kama dawa inafanya kazi. Utupa wa Maniema haukuwemo katika nchi zile tatu. Basi tusipopima sisi, hakuna atakayetupimia.

Na rangi je? Tumesikia watu wakisema kwamba zambarau ndiyo kali. Tumesikia pia kwamba nyeupe ndiyo ya wavuvi wenyewe na zambarau ni urembo tu. Maneno hayo mawili tuliyasikia katika kijiji kimoja, siku moja, kutoka kwa wazee wawili waliokaa kwenye benchi moja. Ua kazi yake ni kuita nyuki. Kama unapenda zambarau pembeni ya shamba lako, panda zambarau, hakuna ubaya, nyuki watakuja na macho yatafurahi. Ila usiiachie rangi kazi ya kukuchagulia dawa.

Tena kuna mti mwingine ndugu yake, Tephrosia candida, uliotoka upande wa India na ambao miradi mingi iliusambaza kwa ajili ya kurutubisha udongo. Maua yake ni meupe. Mtu akikupa mbegu akisema tu "ni tefrosia", muulize ni ipi, na hata akijibu, pima.

Jaribio la chupa

Kwanza chagua miti unayotaka kuipima. Isizidi sita kwa mara moja, la sivyo utachanganyikiwa. Funga kila mti kitambaa chenye alama yake: fundo moja, mafundo mawili, mafundo matatu. Alama ya mkaa kwenye gome inafutika na mvua, tumeona.

Chuma majani yaliyokomaa, kiasi cha kujaza kofia, ukiweka ya kila mti peke yake. Yakaushe kivulini, chini ya paa ambapo upepo unapita, siku nne au tano, mpaka yavunjike vidoleni. Usiyaanike juani, maana jua linaharibu rotenoidi. Kisha yaponde yawe unga na uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Ukimaliza mti mmoja safisha jiwe au kinu kabla ya kuanza wa pili. Unga wa mti mkali ukibaki kidogo utafanya mti dhaifu uonekane shujaa.

Hapa tunasimama kidogo juu ya kinu. Tafadhali, si kile cha sombe. Tafuta jiwe la kazi hii tu, au kinu kilichopasuka, ukiweke mbali na jikoni. Funga kitambaa puani na mdomoni wakati wa kuponda, na upepo ukupige mgongoni.

Sasa tafuta kunde zenye fukusi hai, wale wadudu wadogo wa kahawia wanaotoboa mbegu ghalani. Hao hawakosi. Andaa chupa safi za plastiki za maji, moja kwa kila mti na moja ya ziada. Katika kila chupa weka kikopo kidogo cha nyanya kilichojaa kunde nzima, kisha kijiko kimoja cha chai cha unga wa mti husika, tikisa ili unga uzishike kunde zote, halafu tia fukusi ishirini walio hai wanaotembea. Funga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na uzi ili hewa ipite. Katika chupa ile ya ziada tia kunde na fukusi ishirini bila unga wowote. Hii tunaiita chupa-shahidi.

Chupa-shahidi ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo muhimu kuliko zote. Fukusi mzima hali chochote, maisha yake yote baada ya kutoka kwenye kunde hayapiti sana wiki mbili. Ukisubiri siku kumi na tano utakuta wamekufa katika kila chupa, utapiga makofi, na utakuwa umepigia makofi uzee wao. Kwa hiyo hesabu mapema: siku ya tatu, kisha siku ya sita. Mwaga kila chupa juu ya karatasi nyeupe, hesabu waliokufa na walio hai, andika, rudisha. Anayelala chali akichezesha miguu mhesabu kuwa yu hai kwa siku hiyo.

Soma matokeo hivi. Kama kwenye chupa-shahidi wengi bado wanatembea na kwenye chupa ya mti fulani karibu wote wamekufa, mti ule una dawa. Kama chupa ya mti inafanana na shahidi, mti ule hauna. Ukikuta katikati, nusu wamekufa na nusu wazima, huenda ni wale wa mchanganyiko, au unga haukukauka vizuri. Rudia. Kwa kweli rudia hata kwa ile iliyofaulu, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Mti uliofaulu mara mbili, ufunge kitambaa chekundu: huo ni mama wa mbegu.

Tulipofanya hivi kwa miti ya pepinyeri yetu wenyewe, mbele ya wanakikundi, chupa za miti miwili mizuri kuliko yote zilikuwa sawa kabisa na shahidi. Mti mmoja mfupi, uliopinda, wenye maua ya zambarau iliyofifia, ambao kijana wetu alikuwa ameshautia panga kwa kuona ni mbaya, ndio ulioua. Ulichipuka tena, Mungu ni mwema.

Kuna watakaosema njia ya wazee ni ya haraka zaidi: majani yaliyopondwa ndani ya ndoo yenye visamaki viwili vitatu, na jibu linakuja siku ileile. Ni kweli, inafanya kazi. Hatuipendi kwa sababu ya maji yanayobaki. Ndoo ile mtu ataimwaga wapi? Mara nyingi ni kwenye mtaro, na mtaro unakwenda kwenye kijito, na kijito kinakwenda Lualaba au kwenye bwawa la jirani.

Kupanda mpaka

Mbegu za mti uliofaulu zichume maganda yakiwa ya kahawia lakini kabla hayajapasuka. Yakikauka kupita kiasi yanajisokota na kurusha mbegu mbali. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo ziloweke usiku mzima kabla ya kupanda. Kwetu wakati mzuri ni mvua zinaporudi, Septemba hadi Oktoba, ili kiangazi kidogo cha Juni mpaka Agosti kikute mizizi imeshashika. Weka mbegu mbili au tatu kwa shimo, nusu mita hadi mita moja kati ya mashimo, halafu uache mche mmoja wenye nguvu. Mwezi wa kwanza na wa pili palilia vizuri. Baadaye utajilinda wenyewe.

Jambo moja linaumiza watu wa mboga. Utupa unapokea ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayofanya vinundu kwenye mizizi ya nyanya, bilinganya na tumbaku. Ukiuweka ukutani kwa ukuta na tuta la nyanya unaifugia minyoo chakula. Kwa hiyo mpaka wa utupa uwe kwenye upande wa muhogo au mahindi. Na mahali palipokuwa utupa, usipande nyanya sezoni inayofuata.

Mti huu hauishi muda mrefu, miaka miwili mitatu unaanza kuchoka. Maana yake mbegu utazihitaji tena na tena, na kosa la mbegu utalirudia tena na tena. Maana nyingine ni kwamba nyuki wanahamisha chavua kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Mti wenye dawa ukisimama katikati ya mitano isiyo na dawa, watoto wake unaweza usiwatambue. Pima majani wakati miti bado michanga, haijatoa maua. Ile iliyoshindwa katika ule mstari wa mbegu ikate mapema, ulaze majani yake chini ya muhogo. Naitrojeni wanayo wote, hata wasio na sumu, kwa hiyo hautupi kitu.

Kutumia dawa, na hofu yake

Katika majaribio ya maharagwe yaliyofanyika kaskazini mwa Tanzania walitumia unga wa majani makavu ndani ya maji yenye sabuni kidogo. Kipimo chao kikubwa kilikuwa asilimia 10, yaani kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji. Wadudu waharibifu walipungua, na wale wanaotusaidia, kama buibui na wadudu-kobe wanaokula vidukari, walidhurika kidogo kuliko walipopuliziwa dawa ya kiwandani. Loweka unga usiku mzima, chuja vizuri ili usizibe pompa, mwanga jioni. Jua la Kindu linavunja rotenoidi kwa siku chache tu, kwa hiyo ukimwanga saa nne asubuhi unalisha jua.

Kwenye kunde na maharagwe inasaidia dhidi ya vidukari na viwavi wadogo. Kwa kiwavijeshi wa mahindi, yule aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, usitegemee dawa hii ikiwa ameshakuwa mkubwa na kujificha ndani ya kikonyo.

Ghalani tunaishauri kwa mbegu za kupanda tu, kunde au maharagwe. Chakula kiweke kwa njia nyingine, bidoni kavu iliyojazwa mpaka juu na kufungwa kabisa inatosha kumnyima fukusi hewa. Na kwenye mboga za majani, lengalenga, sombe, matembele, usimwange utupa kabisa. Majani tunayokula hayana ganda la kutupa.

Kwa nini hofu hii, wakati dawa ni ya mti na babu zetu waliitumia? Kwa sababu mti haujui kwamba ni wa asili. Rotenoni iliuzwa miaka mingi Ulaya na Marekani kama dawa ya bustani, watu wakiamini haina shida kwa vile inatoka kwenye mimea. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliamua kuiondoa kwenye orodha ya dawa zilizokubaliwa. Mwaka 2011 ukatoka uchunguzi wa Marekani juu ya watu walioshika dawa za mashambani kwa miaka mingi. Walioitumia rotenoni walipatikana zaidi kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono na kukakamaa mwili. Hao walikuwa watu wa kazi ya kila siku, na sisi tunazungumza juu ya kumwanga mara chache kwa sezoni. Hata hivyo kitambaa puani, mikono mirefu, sabuni baada ya kazi, na watoto mbali na unga: haya si mapambo.

Samaki ndio wa kwanza kulipa. Kuvua kwa sumu kunakatazwa, na wavuvi wa mto wanajua kwa nini: inaua vidogo na vikubwa, na kesho yake hakuna. Lakini mkulima anaweza kuvua kwa sumu bila kukusudia. Ukiosha pompa kijitoni umevua. Ukipanda utupa kwenye ukingo wa bwawa lako la samaki, majani yakianguka ndani umejivulia mwenyewe. Sisi tunaomba hatua hamsini kati ya mti wa mwisho na maji yoyote yenye samaki, na maji ya kuoshea yamwagwe kwenye shimo shambani.

Na maua mengine ya zambarau?

Wengi mnatuuliza, juu ya kupenda rangi. Haraka haraka, basi.

Lantana ina maua ya zambarau-pinki na inaota popote, ndiyo shida yake. Imewekwa kwenye orodha ya mimea mia moja vamizi iliyo mibaya zaidi duniani, na majani yake yanadhuru ng'ombe na mbuzi. Anayeipanda mpakani anamwachia mwanawe kazi ya kuing'oa.

Pueraria, ile kamba iliyopandwa chini ya michikichi kwenye mashamba ya zamani, ina maua mazuri ya zambarau na inalisha udongo. Chini ya michikichi iendelee. Pembeni ya shamba la mpunga usiilete, haijui neno mpaka, itapanda juu ya kila kitu.

Glirisidia maua yake ni ya pinki inayoelekea zambarau. Hiyo tunaipenda sana. Unakata fimbo yenye unene wa kifundo cha mkono, unaichomeka mwanzo wa mvua, inaota, na baada ya muda una ua hai ambalo mbuzi hapiti. Haina kazi ya utupa ya kuua wadudu wa kunde, lakini inadumu miaka mingi. Kwa mpaka wa nje, kwenye njia ya mbuzi, glirisidia. Kwa mstari wa ndani, utupa uliopimwa.

Desmodiamu, ambayo watafiti wa isipe kule Kenya wanaipanda pamoja na mahindi kufukuza wadudu, ina maua madogo ya zambarau-pinki, lakini mahali pake ni kati ya mistari ya mahindi, si mpakani. Hiyo itahitaji makala yake.

Na yale maua mazuri ya zambarau yanayoelea majini, gugu-maji, msiyabebe kwenda nyumbani hata kwa ndoo.

Kwa waliopanda mbegu zetu

Msing'oe mpaka wote kwa hasira. Sezoni hii kila kikundi kichague miti sita, kipime kwa chupa, kilete karatasi ya hesabu yake siku ya mkutano, pamoja na chupa-shahidi yake. Karatasi bila shahidi hatutaihesabu, hata kama ni ya rais wa koperative. Mti wowote uliofaulu mara mbili, kikundi kiuwekee kitambaa chekundu na kiwe na mtu mmoja wa kuulinda mpaka maganda yakauke, kwa sababu watoto wanapenda kuvunja matawi yenye maua. Mbegu zake tutazinunua kwa bei ya mbegu na si kwa bei ya kunde, na mfuko wa kila mti utaandikwa jina la kikundi na idadi ya fukusi waliokufa siku ya tatu na ya sita. Wale ambao miti yao yote itashindwa watakuwa wa kwanza kupewa mbegu hizo Septemba, bila kulipa. Zile za kwanza tuliwapa sisi.